Sehemu ya Ishirini na Tano

Mzee Pazi hakuwahi kununua kitu kimoja. Tangu alipooa mke wa pili, miaka kumi na tisa iliyopita, kila kitu alinunua viwili viwili: sufuria mbili, magodoro mawili, vitenge viwili vya rangi moja. Mwaka ule mbuzi walipoadimika kabla ya Idi alimchinja mmoja, akampasua katikati, akapeleka kila nusu kwenye nyumba yake, na figo nazo akahakikisha zimegawanyika. Wenye maduka ya Kisarawe walishamzoea. Akisimama mlangoni tu, wanashusha viwili.

Nyumba ya kwanza ilikuwa hapo Kisarawe, kwa bi mkubwa, Mwanajuma. Ya pili ilikuwa Visiga, kando ya Barabara ya Morogoro, kwa bi mdogo, Hajra. Siku tatu huku, siku tatu kule. Siku ya kuhama akishaswali alfajiri alikunywa chai, akabeba mfuko wake na kuondoka kwa kuzungukia Mbezi. Mwanajuma alikuwa na malalamiko mengi juu ya ndoa ya wake wawili, na aliyasema waziwazi kwa yeyote aliyeuliza na hata kwa wasiouliza, lakini la mume kuchelewa zamu hakuwa nalo.

Kwa hiyo vilipokuja viboksi vya kuleta intaneti kwenye televisheni, vilikuja viwili. Kila kimoja kilikuwa cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Fundi Faraji wa stendi ndiye aliyevifunga, huku na Visiga, pamoja na ruta. Kwa kuwa mzee alikuwa na simu moja na akaunti moja, Faraji aliviunganisha vyote na akaunti hiyo, akavipa majina ili visichanganyike. Kimoja kikaitwa KISARAWE, kingine VISIGA.

Simu ndiyo iliyokuwa rimoti. Rimoti zenyewe Mzee Pazi alizifunga kwenye nailoni akazitia kabatini, eti zisichakae. Akawa anakaa kwenye kochi, miwani puani, anapapasa kioo cha simu kwa kidole, na kule ukutani picha zinakwenda na kurudi. Mwanajuma alimtazama akaona kwamba mwanaume akizeeka hurudi kuchezea magari ya maboksi.

Walichoangalia kilikuwa tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, sehemu sitini. Binti amedhulumiwa shamba la mizeituni la marehemu baba yake, na anahangaika kulirudisha. Mwanajuma, aliyerithi ekari mbili za mikorosho na kuzigombania na kaka zake mpaka baraza la kata, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Zamu ya kwanza waliionja kwa sehemu moja kila jioni, kisha ikawakolea, wakawa wanaangalia mbili. Wakakubaliana kwamba mzee akiwa Visiga, Mwanajuma hataigusa. Angeigusaje, na rimoti ilikuwa inasafiri na mumewe?

Hapo ndipo alipogundua kipaji cha mzee. Mzee Pazi alikuwa anatabiri.

"Huyu mjomba mwenye masharubu mie simwamini," alisema jioni moja, na kabla kahawa haijapoa mjomba akakutwa na hati ya shamba ndani ya buti lake. "Mama mkwe atazimia," alisema, na mama mkwe akaenda chini mzima mzima. Mwanajuma alipiga makofi. Kesho yake alimsimulia jirani yake Saida, akaongeza kwamba mumewe anajua watu, ndiyo maana hata yeye alimchagua.

Jambo moja tu lilimshangaza. Mzee alitabiri mwanzoni mwa zamu. Jioni ya pili ikifika katikati alinyamaza, na jioni ya tatu hakusema neno. Alishika mkono wa kochi, akasahau kahawa, akakohoa palipo pagumu. Mwanajuma alijua sababu, au alidhani anaijua: siku ya kwenda Visiga imekaribia, na moyo wa mzee unagoma kuondoka. Hakumuuliza. Alimwongezea kahawa tu, akalala na furaha ambayo aliona haya kuikiri hata akiwa peke yake.

Halafu zamu moja ikaanza na mzee hakutokea.

Badala yake simu ililia, na jina lililotokea lilikuwa la Hajra. Kila mmoja wa wake hawa wawili alikuwa na namba ya mwenzake kwa ajili ya misiba tu. Wakikutana kwenye shughuli walisalimiana vizuri, kisha mmoja akakaa mwanzo wa mkeka na mwingine mwisho.

"Shikamoo dada," Hajra alisema. "Usishtuke. Mzee ameanguka hapa barazani, akitoka kuja huko kwako. Tupo hospitali ya Tumbi, wameshampokea."

Mwanajuma alifika Tumbi mchana. Alimkuta mumewe kitandani, mguu wa kushoto umevimba, umewekwa juu ya mto. Daktari alieleza taratibu: damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, presha nayo iko juu. Atatumia dawa, atarudi kupimwa kila wiki, na asikae kwenye gari mwendo mrefu. "Na hizi safari za kila siku tatu, mama zangu, naomba tuzisahau," alisema. Wake wawili waliitikia, mmoja kila upande wa kitanda, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Baada ya siku nne mzee aliruhusiwa, akapelekwa Visiga, maana Visiga ni hapo tu. Hakuna aliyeamua hivyo. Hakuna aliyemnyima Mwanajuma haki yake, wala aliyesema mzee sasa ni wa fulani. Gari lilielekea Visiga kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu, na Mwanajuma akarudi Kisarawe na kapu lake la vyombo.

Kila jioni mzee alipiga simu. "Nipo sawa. Kesho kutwa nakuja."

"Haya, njoo," alimjibu, akijua haji.

Saida, ambaye huruma yake siku zote ilikuja na chumvi kidogo, alimwambia, "Bi Mwanajuma, ndiyo basi tena. Wale wameshamchukua. Weye subiri sasa kuitwa kwenye mazishi."

Mwanajuma alimfukuza kwa maneno mazuri, akafunga mlango, akalia. Alimpenda yule mzee. Alikuwa na miaka sitini na tatu, alishamjua kwa kila kikohozi, na hakutaka kumalizia umri wake akiwa mjane wa mtu aliye hai. Zaidi ya yote alitaka kujua jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa hakuthubutu kuliuliza: kama ule usawa wa viwili viwili ulikuwa wa kweli, au alikuwa anapewa nusu ya vitu tu, na moyo mzima uko Visiga.

Siku ya kumi tangu mzee aruhusiwe alimwita Faraji. Alitaka japo kuona ile tamthilia ilipoishia, basi, apate sauti ndani ya nyumba.

"Rimoti nimezitoa kwenye nailoni, betri zimevuja," alimwambia.

"Rimoti ya nini, mama? Simu yako si ya kupapasa?" Faraji alikaa mkekani, mtu mzima mwenye mvi za mapema, akaipokea ile simu ambayo Mwanajuma aliitumia kupokea sauti za wajukuu tu. "Kwanza iwe kwenye ruta hiihii ya humu ndani, maana simu na kiboksi vikiwa kwenye intaneti mbili tofauti havionani. Sasa napakua programu yake. Haya, tazama kwenye TV."

Kwenye televisheni zilitokea namba sita. Faraji alimpa simu aziandike mwenyewe, na Mwanajuma akaziandika kwa kidole kimoja. Simu ikatikisika, mishale ikatokea kwenye kioo. Alibonyeza wa kulia, na kule ukutani picha ikasogea. Alicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Tumbi.

"Hapa unaandika, huna haja ya kuhangaika na herufi moja moja kwenye TV," Faraji aliendelea. "Ukichoka kuandika, bonyeza hiki kipaza sauti, useme. Na ukitaka kusikiliza peke yako, chomeka hedifoni kwenye simu, bonyeza hapa. TV inanyamaza, sauti yote inakuja masikioni mwako."

"Ah! Ndivyo mzee anavyofanya akishaswali alfajiri," Mwanajuma alisema. "Nikimwona na zile nyuzi masikioni najua anasikiliza mawaidha."

"Basi ndiyo hiyo. Na hapa chini ni historia. Vyote vilivyowahi kuangaliwa kwenye akaunti hii, kila kimoja na siku na saa yake."

Faraji alipoondoka, Mwanajuma aliitafuta tamthilia. Walikuwa wameishia sehemu ya ishirini na moja, alikumbuka vizuri kabisa, binti akiwa amefungiwa ghalani. Chini ya picha ya ishirini na moja palikuwa na mstari mwekundu, kuonyesha imeshaangaliwa mpaka mwisho. Lakini chini ya ishirini na mbili napo palikuwa na mstari. Na ishirini na tatu. Na ishirini na nne.

Aliihesabu ile mistari tena. Kisha akafungua historia.

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeisoma historia ile kama alivyoisoma yeye. Faraji angeona tarehe tu. Mwanajuma aliona zamu, kwa sababu miaka kumi na tisa alikuwa anazihesabu kichwani, na ukimwamsha usingizini angekwambia tarehe fulani ilikuwa ya nani. Alipitisha kidole taratibu. Sehemu ya nne: imeangaliwa mara mbili. Mara ya kwanza zamu ya Visiga, mara ya pili zamu yake. Ile ya mjomba na buti, mara ya kwanza Visiga, mara ya pili kwake. Ile ya mama mkwe kuzimia, Visiga, kisha kwake.

"Mtabiri!" alisema kwa sauti kwenye chumba kitupu. "Mtabiri wewe! Laghai mkubwa!"

Aliona uso unamwaka. Alijikumbuka akipiga makofi, akajikumbuka akimsimulia Saida. Kwa hiyo Hajra ndiye aliyeona kwanza, ndiye aliyeshtuka naye, na yeye Kisarawe aliletewa kiporo kilichopashwa moto. Jibu la swali lake, alidhani, lilikuwa hilo.

Angeweza kuizima televisheni hapo, na hadithi hii ingeishia kwa Saida. Lakini Mwanajuma hakuwa mtu wa kuacha hesabu katikati. Ungo wa kunde alizokuwa akipukuchua ulikuwa miguuni pake, na karibu yake debe la mahindi. Akaanza upya tangu sehemu ya kwanza. Sehemu iliyoangaliwa kwanza Kisarawe aliiwekea kunde moja mkekani. Iliyoangaliwa kwanza Visiga aliiwekea punje ya mahindi.

Sehemu ya kwanza mpaka ya tatu, kunde. Ya nne mpaka ya sita, mahindi. Ya saba mpaka ya tisa zikarudi kuwa kunde. Akaendelea, akifuta miwani kwa ncha ya kanga, mpaka ishirini na nne. Alipomaliza alihesabu mafungu mawili, akayahesabu tena. Kunde kumi na mbili. Mahindi kumi na mawili.

Sasa alielewa yule mzee alivyokuwa akiishi. Kila alipofika kwenye nyumba aliangalia kwanza sehemu tatu alizokwisha kuziona kule, ili mke wa nyumba hiyo asipitwe, kisha tatu mpya, ili naye apate za kuona wa kwanza. Kila sehemu ameiangalia mara mbili, kila kilio amelia mara mbili, na rimoti amezificha asije mke yeyote akaona ile mistari miekundu akavunjika moyo. Siku za kutabiri zilikuwa za kiporo. Siku za kunyamaza zilikuwa zile ambazo na yeye hakujua kinachokuja.

Kwa hiyo haikuwa huzuni ya kuondoka. Hilo lilimchoma kidogo, hata katikati ya furaha yake.

Kisha aliona kitu kingine. Katikati ya zile tamthilia palikuwa na video fupifupi, ambazo mwanzoni aliziruka. "Mguu kuvimba, sababu na dalili." "Mazoezi ya mguu kwa wazee ukiwa umekaa." "Je, mgonjwa wa mguu anaweza kusafiri kwa basi?" Hiyo ya mwisho ilikuwa imeangaliwa mara nne. Saa zake zilikuwa zilezile siku zote, muda mfupi baada ya alfajiri, huku na Visiga. Hayakuwa mawaidha. Mwezi mzima mzee alikuwa anakaa mbele ya televisheni iliyonyamaza, nyuzi masikioni, anamsikiliza daktari wa kwenye video akimkataza safari, kisha anavua nyuzi, anakunywa chai, na anabeba mfuko wake.

Mwanajuma alizitazama kunde na mahindi. Hii ndiyo haki aliyokuwa akiidai, akiilinda, akiihesabu. Imetimizwa kwa mguu ule.

Alifikiria kumpigia simu amwambie amemsamehe zamu yake, akae huko huko, apone. Alikuwa amesikia darasani msikitini kwamba mke anaweza kuiachilia siku yake kwa ridhaa. Alishika simu. Lakini kabla hajapiga, kidole chake kilirudi kwenye tamthilia, na hapo aliiona sehemu ya ishirini na tano.

Haikuwa na mstari.

Akarudi kwenye historia. Siku zote kumi, televisheni ya Visiga ilikuwa inafanya kazi. Taarifa ya habari ilikuwepo. Mpira ulikuwepo. Kulikuwa na mapishi ya keki, hayo bila shaka ya Hajra. Lakini tamthilia, ambayo iliishia pale binti anaposikia lango la ghala linafunguliwa na haijulikani na nani, hakuna aliyeigusa. Jioni kumi watu wawili wamekaa ndani ya nyumba moja na jambo kama hilo, na hawakulifungua.

Ishirini na tano ilikuwa ya kunde. Ilikuwa zamu ya Kisarawe kuona kwanza.

Mwanajuma hakupiga simu. Aliinuka, akachomoa kiboksi nyuma ya televisheni pamoja na waya zake, akakifunga kwenye kanga.

Kesho yake adhuhuri alikuwa mlangoni Visiga, kapu mkono mmoja, kanga iliyofungwa fundo mkono mwingine. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Hajra alifungua, unga wa ngano mpaka kwenye viwiko, akabaki ameduwaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Utaniacha hapa juani?"

Mzee Pazi alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Alipomwona alijaribu kusimama, akashindwa, akaanza kuongea haraka haraka kama mtu aliyekamatwa. "Mwanajuma, nilikuwa nakuja. Kesho kutwa. Siku zako ninazo, nimeziandika zote, nitakulipa moja moja."

"Kaa chini," Mwanajuma alisema. "Siku hizo nimekusamehe. Nimekuja kuanza nyingine." Alifungua kanga mezani.

Hajra alikitazama kile kiboksi, akamtazama yeye. "Dada, si kipo hapa kimoja? Akaunti ni hiyo hiyo. Umekibeba cha nini kutoka Kisarawe mpaka huku?"

"Najua kipo. Hicho ni chako. Mie zamu yangu nitaangalia kwa kiboksi changu." Alisema hivyo bila kucheka, na alimaanisha. Kisha akamgeukia mumewe, na sauti ikalainika. "Daktari kasema usisafiri. Hakusema mie nisisafiri. Mguu wangu mzima. Zamu yangu ikifika nitaifuata huku, siku tatu, kisha narudi kwenye mikorosho yangu. Kama mwenye nyumba ana nafasi."

Hayo ya mwisho hakumwambia mzee. Hapa ndipo Hajra angeweza kumnyima, na asingekuwa na la kusema.

Hajra alijifuta unga kwenye aproni. "Chumba cha binti yangu Zawadi kipo wazi tangu ameolewa," alisema. "Zamu yako mimi nitalala huko. Kitanda kina kelele tu upande mmoja." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nilitaka kukuita tangu Tumbi. Niliogopa utadhani nakuringishia."

Mzee Pazi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Machozi yalimtoka wazi wazi, na wake zake walimwacha alie.

"Haya, lakini nina kesi," Mwanajuma alisema walipokwisha kula. "Hajra, huyu mumeo huko kwangu ni mtabiri. Alijua mambo ya mjomba mwenye masharubu. Alijua mama mkwe atazimia."

Hajra aliweka kikombe chini. "Huko kwako pia anatabiri?"

"Hapa anatabiri?"

"Alinitabiria mwanasheria atakimbia na farasi! Mwanasheria, dada! Nani angejua?" Hajra alishaanza kucheka. "Nilimshtukia zamu ya tatu. Akienda chooni anaacha simu, mistari nikaiona. Nikanyamaza. Nikasema, mtu mzima anajitesa hivi ili mimi nisikose raha, nimwaibishe ya nini?"

Walicheka mpaka Hajra akashika ukuta. Mzee Pazi, katikati yao, alitazama mguu wake kwa makini sana.

"Na ishirini na tano?" Mwanajuma aliuliza, akijifuta macho. "Siku zote hizi mlikuwa mnangoja nini?"

"Yeye alitaka tuone kidogo tu, mwanzo mwanzo," Hajra alisema. "Mimi ndiye niliyekataa. Nikamwambia, hiyo si yetu."

Mwanajuma alimshika Hajra mkono, wenye unga uliokaukia kwenye vidole, akaushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya salamu zao.

Baada ya alasiri kiboksi cha Kisarawe kilichomekwa kwenye tundu la pili la televisheni, kando ya mwenzake. Mwanajuma alikiunga mwenyewe na ruta ya Visiga, akiandika neno la siri kwenye simu kwa herufi alizosomewa na Hajra. Kioo cha simu kikauliza anataka kuongoza kipi, na majina yalikuwa mawili, moja chini ya lingine: KISARAWE, VISIGA. Mzee Pazi aliomba aone. Alikishika kile kioo akakisoma, akakisoma tena, akakirudisha.

Walianza na ishirini na mbili, kwa kuwa Mwanajuma hakuwa ameiona. Mzee akasahau, akasema, "Huyo mlinzi atanunuliwa kwa pesa," na wake wawili wakamgeukia pamoja.

"Endelea, tabiri," Mwanajuma alisema.

Mzee akainamia kikombe chake. Wakamaliza ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne. Mtandio wa binti ukaanguka, lango la ghala likalia. Mwanajuma akabonyeza ishirini na tano.

Mzee Pazi hakutabiri kitu. Mkono wake wa kushoto ulishika kochi, kahawa imeanza kupoa, akakohoa. Mwanajuma alimtazama yeye badala ya televisheni. Ndivyo alivyokuwa zile jioni za tatu, kabisa.

"Hebu tuambie," alisema. "Siku ya mwisho ya zamu, ukinyamaza hivi na kushika kochi. Mie nilidhani unaumia kuondoka."

"Hata mimi nilidhani hivyo," Hajra alisema. "Hata huku alikuwa hivyo."

"Basi sema. Ilikuwa ni tamthilia, au ilikuwa ni kuondoka?"

Mzee Pazi alimtazama mmoja upande huu, akamtazama mwingine upande ule.

"Vyote viwili," alisema. "Na nyumba zote mbili."

Kisha akamwomba Mwanajuma arudishe nyuma kidogo, kwa sababu walikuwa wanamsemesha na hakuona ni nani aliyefungua lango.